Mbwa Asiyekula Mpaka Aambiwe

Njisi,
4 Juni 2024

Dk. Georgina,
Makazi ya Wanyama,
Barabara ya Itungi, Kyela.

YAH: MAOMBI YA KUMCHUKUA MBWA

Daktari,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkulima wa kakao na mpunga hapa Njisi. Naishi peke yangu tangu mama yangu alipofariki mwaka jana, na mdogo wangu wa kiume yuko mbali.

Wiki iliyopita nilikuja Itungi kununua dagaa wa usipa. Nikapita nje ya uzio wako, nikawaona mbwa. Kijana wa bodaboda akaniambia kuwa wewe ni daktari wa mifugo mstaafu, unaokota wanyama waliotupwa na kuwagawa kwa watu wenye moyo. Naomba nipewe yule mwekundu, mkubwa, aliyelala chini ya mpera, mwenye sikio la kushoto lililochanika. Simhitaji mwingine, namtaka huyo.

Nina ua wenye uzio wa mianzi, kivuli na maji. Atanilindia kakao ikiwa kwenye mkeka.

Wako mtiifu,
Tulinagwe

*

Itungi,
8 Juni 2024

Dada Tulinagwe,

Barua yako nimeipata. Nashukuru umeandika kwa mkono wako. Watu wengi hunipigia simu, na kwenye simu kila mbwa ni mzima, hata yule aliyekwisha kufukiwa.

Nakuambia ukweli ili usije ukamrudisha baada ya wiki. Huyo si mlinzi tena. Ana miaka kumi au zaidi, nyonga zimekakamaa, na meno mawili ya mbele hayapo. Ni mbwa wa kuwindia, mwenye pua kali, lakini sijamsikia akibweka zaidi ya mara tatu. Alikutwa karibu na bandari Machi mwaka jana, amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya katani, shingo imechubuka mpaka nyama. Aliyemfunga hakutaka amfuate nyumbani. Jina lake halijulikani. Hapa tunamwita Mzee.

Ana jambo moja la ajabu. Haanzi kula mpaka aambiwe. Unaweka sahani, anakaa, anakutazama usoni. Usiposema "kula" atakaa hapo hata saa nzima, mate yanamtiririka. Kuna mtu alimfundisha hivyo, na hakumfundisha kwa upole.

Masharti yangu ni matatu: usimfunge juani, usimpige, na kila mwezi uniandikie barua kunieleza hali yake. Na swali ni moja. Nina mbwa vijana wanne wanaobweka hata kivuli. Kwa nini huyu?

Georgina

*

Njisi,
16 Juni 2024

Mdogo wangu Ambwene,

Ugonile. Natumaini huko gerezani bado mnapata ruhusa ya kusoma barua zenu wenyewe baada ya askari kuzisoma. Kwa hiyo naandika tu habari za nyumbani, na wakitaka kuzisoma, wasome.

Nimempata, mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika, kama mama alivyomtaja siku ile pale kitandani, mguu alioumwa umevimba kama mgomba: "Alikuwa mwekundu, sikio limechanika, na nyuma ya migomba nikasikia sauti ya Nelson." Unakumbuka Nelson alivyosimama mbele ya baraza, mkono juu: "Sijawahi kufuga mbwa maishani mwangu." Na vibarua wake wa shamba la Katumba Songwe wakaitikia. Sisi tukaonekana tunamsingizia mtu mzito. Mama akafukiwa bila mwenye kosa, nawe ukachoma banda lake la kukaushia kakao, ukaenda ndani miaka miwili. Yeye yuko nje anakunywa chai.

Mbwa alikuwa Itungi muda wote huo! Nelson alimficha kwa kumtupa. Daktari aliniuliza kwa nini namtaka huyo. Nikamwambia napenda mbwa watulivu. Akafurahi, akanipa na blanketi lake.

Sasa yuko chini ya dari la jiko, amelala, miguu ileile iliyomkanyaga mama imenyooshwa kama ya mgeni aliyeshiba. Nimenunua dawa ya panya. Kesho asubuhi nitampikia ugali na vichwa vya usipa.

Dada yako,
Tulinagwe

*

Gerezani, Mbeya,
30 Juni 2024

Dada,

Barua ilifika. Nimeisoma mara nyingi. Yule mgeni uliyempikia, alishiba?

Nijulishe haraka. Huku mtu anaishi kwa habari ya namna hiyo.

Ambwene

*

Njisi,
15 Julai 2024

Daktari,

Salaam. Hii ni taarifa ya mwezi wa kwanza kama tulivyokubaliana. Mzee anaendelea vizuri. Anakula mara mbili kwa siku. Kupe nimemtoa. Mvua ilipomlowesha nilimkausha kwa gunia. Asubuhi ananifuata mpaka kwenye kakao, anakaa kwenye majani makavu mpaka nimalize.

Naomba kuuliza. Mbwa aliyefundishwa namna hii, je, anaweza kufanya jambo lolote kubwa bila kuambiwa?

Tulinagwe

*

Itungi,
19 Julai 2024

Dada Tulinagwe,

Ahsante. Kwa swali lako: nimekaa na huyu mbwa mwaka mzima na zaidi. Paka alilala juu yake. Bata walimnyang'anya chakula. Sijamwona akifanya jambo, dogo wala kubwa, ambalo hakuna mtu aliyemwagiza.

Lakini kwa nini unauliza?

Georgina

*

Njisi,
21 Julai 2024

Mdogo wangu Ambwene,

Mgeni hakushiba, na sababu ni hii.

Niliweka sahani mbele yake asubuhi ile. Nilikuwa nimesahau maneno ya daktari. Mbwa akakaa, akanitazama. Mate yanadondoka, macho hayatoki usoni kwangu. Nikangoja. Naye akangoja. Jua likapanda mpaka kwenye kisima, bado amekaa. Kilichobaki kilikuwa mimi kusema neno moja tu, "kula", naye angekula sumu ile mpaka kuilamba sahani.

Nilifungua mdomo, Ambwene. Kisha nikamwona mama akitembea kwenye mpaka wa shamba na mzigo wake wa kuni, na huyu mbwa amekaa hivihivi mahali fulani, anamtazama mtu usoni, anangoja.

Chakula kile nikakitupa chooni na sahani yake.

Baada ya siku chache nikamjaribu. Nilitundika gauni langu kuukuu kwenye kamba ya nguo, nikarudi nyuma yake, nikasema "kamata!" Mbwa yule mwenye nyonga mbovu aliruka kama si yeye. Gauni likachanika toka kiunoni mpaka chini. Kisha akaliacha, akarudi, akakaa, akanitazama kama anauliza kama amefanya sawa.

Kwa hiyo sasa najua. Mama hakuumwa na mbwa. Aliumwa na Nelson, kwa meno ya mbwa.

Na kuna habari nyingine. Mwezi wa tisa, Jumapili ya mwisho, Nelson anasimikwa uzee wa kanisa letu. Amekwisha kushonesha suti. Mbwa nitamtunza mpaka siku hiyo. Atakula vizuri kunizidi mimi.

Dada yako,
Tulinagwe

*

Gerezani, Mbeya,
11 Agosti 2024

Dada,

Nimekuelewa. Umefanya vizuri kumtunza mgeni.

Siku ya sherehe mpeleke akampongeze mwenye suti. Neno la pongezi unalijua, ni moja. Liseme kwa sauti, watu wote wasikie.

Ambwene

*

Itungi,
20 Septemba 2024

Tulinagwe,

Taarifa ya mwezi wa nane haikuja. Ya mwezi huu pia haijaja.

Jana mama mmoja wa Njisi aliniletea mbuzi mgonjwa. Nikamwuliza habari zako. Akaniambia mama yako alikufa kwa kidonda cha kuumwa na mbwa mwekundu mwenye sikio lililochanika. Niliacha kumshika mbuzi.

Uliniandikia kwamba unapenda mbwa watulivu. Nilikuamini kwa sababu mwandiko wako ni wa mtu mwaminifu. Sasa nimelirudia lile swali lako la Julai na limeninyima raha. Sijui unamlisha nini huyo mbwa wala unamweka kwa lengo gani. Pole kwa msiba wako, naisema kwa moyo wote. Lakini mbwa huyo nilimtoa akapumzike, sikumtoa akalipe.

Jumatatu tarehe 30 nakuja kumchukua. Naomba nimkute hai.

Georgina

*

Njisi,
30 Septemba 2024

Mdogo wangu Ambwene,

Hii usiisome kwa haraka.

Jana nilivaa gauni la msiba, nikamfunga Mzee kamba mpya, tukaenda kanisani kwa miguu. Mlangoni Felista wa zamu akanizuia. "Dada, mbwa tena?" Nikamwambia, "Amealikwa." Aliniona uso, akasogea.

Nilikaa benchi la mwisho. Mbwa akalala chini ya miguu yangu. Mahubiri yote alilala, hakuna aliyejua yupo isipokuwa waliokaa karibu. Kisha mchungaji akawaita mbele wazee wapya, watano, wake zao wamevaa vitenge vya sare. Nelson alikuwa wa tatu. Mchungaji akawauliza mmoja mmoja kama wataitunza nyumba ya Mungu kwa kweli. Wa kwanza akajibu. Wa pili akajibu. Nelson akasema, "Ndiyo, kwa msaada wa Mungu."

Mbwa akanyanyua kichwa.

Nilikuwa nimepanga nisimame mimi, niseme maneno yangu niliyoyakariri. Sikupata nafasi. Kamba ilinichomoka mkononi. Alikwenda katikati ya mabenchi, taratibu, kwa sababu ya zile nyonga, lakini mkia unapiga huku na huku mpaka unagonga magoti ya watu, na analia, Ambwene, analia kama kitoto cha mbwa kilichopotezana na mama yake. Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Akafika mbele, akalala juu ya viatu vya Nelson, akavilamba.

Nelson alikuwa mweupe kama unga. Akamsukuma kwa mguu. Mbwa akarudi. Akamsukuma tena. Kwaya nao sasa wanacheka. Ndipo akapaza sauti, "Toka, Kamanda! Nje!"

Na mbwa akatii. Aligeuka palepale, akatoka, akapita kwangu bila kunitazama, akaketi nje kwenye ngazi, uso umeelekea ndani.

Kicheko kilikatika. Mzee Eliud, yule aliyekuwa mwenyekiti wa baraza siku ile, alisimama kwenye benchi lake. "Nelson," akasema, "umemwita kwa jina."

"Nimetaja tu. Ni jina la mbwa yeyote."

"Mwaka jana uliniapia kwamba hujawahi kufuga mbwa. Na marehemu alisema sikio limechanika. Mimi ndiye niliyeandika." Mzee Eliud alikuwa akilia. "Niliandika kwa mkono huu, kisha nikakuamini wewe."

Wakati huo nami nilikuwa nimesimama. Lile neno lako lilikuwa kwenye ulimi wangu. Mbwa yuko mlangoni, njia imenyooka, Nelson yuko mwisho wa njia. Sijui kama angemkamata bwana wake. Nadhani angemkamata, kwa kuwa hajui kukataa. Nikalimeza lile neno. Usidhani ni huruma. Ningelisema, watu wangemwona Nelson anavuja damu, wangekimbilia maji na kanga za kumfunga, na mpaka jioni angekuwa yeye ndiye wa kuonewa huruma. Nilitaka wamtazame akiwa mzima, suti yake imenyooka, hana hata mkwaruzo wa kujifichia.

Wakamtazama. Alikaa chini kwenye ngazi ya madhabahu, mbele ya watu wote, akasema, "Nilidhani ni mwizi wa kakao. Nilisema kamata kabla sijamwona uso. Nilipomwona, nikakimbia." Mkewe alivua kitambaa cha kichwani cha ile sare akakiweka juu ya meza ya Bwana, akatoka peke yake.

Leo asubuhi Nelson ameandika maelezo kwa mtendaji wa kijiji, mchungaji akiwa shahidi. Ya polisi yatafuata. Nilikuwapo. Nilimsikiliza mpaka nukta ya mwisho.

Nilidhani nitarudi nyumbani nikiimba. Nimerudi nimemkuta mbwa amelala langoni, pua yake iko kwenye njia ya Katumba Songwe, hataki kugeuka.

Dada yako,
Tulinagwe

*

Itungi,
2 Oktoba 2024

Tulinagwe,

Nilikuja Jumatatu na kamba yangu. Ulikuwa ofisi ya kijiji. Jirani alinisimulia yote tangu kanisani, sikuhitaji kuuliza.

Nilimpima mbwa. Ameongezeka uzito. Kucha zimekatwa. Kwenye nyonga nimekuta mafuta ya karafuu, nawe hukuniandikia kwamba unamkanda. Kwa hiyo sijui nikuweke upande gani.

Ulichomfanyia Nelson ni chake, alikitafuta. Lakini huyu mnyama alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki, kumpenda mtu aliyemtupa, nawe ukakitumia kama mtego. Amemwona bwana wake tena baada ya mwaka mzima, akafukuzwa mara ya pili, mbele ya watu. Umelifikiria hilo?

Nimerudi bila yeye. Nilipomvuta alisimama, akanifuata mpaka barabarani, kisha akaketi. Ndani ya gari hakutaka. Mpaka leo sijui anamngoja nani.

Georgina

*

Njisi,
14 Oktoba 2024

Daktari,

Nakuandikia kweli tupu, ya mwezi wa nane, wa tisa na wa kumi pamoja.

Nilimchukua nimuue. Nilimpikia sumu siku ya pili tu. Hakuila kwa sababu sikuweza kusema "kula". Kama angekuwa mbwa wa kawaida, leo ungekuwa unaniandikia mimi mwuaji. Hilo nimelala nalo, sikuwa na wa kumwambia.

Maneno yako kuhusu mtego siyapingi.

Sasa hali yake ni hii. Tangu kanisani hataki kula. Nasema "kula", ananitazama, halafu anageuza kichwa. Hii ni mara ya kwanza kumwona akikataa. Siku nne alikunywa maji tu. Siku ya tano Nelson akaja mwenyewe kwa miguu. Shati halijafuliwa. Mkewe amerudi kwao Tukuyu na vibarua wamemhama. Alisimama nje ya uzio akasema, "Dada, nimekuja na maombi mawili. Unisamehe, na unipe Kamanda."

Nikamwambia, "La kwanza, hapana. La pili, hapana."

Mbwa alikuwa amekwisha kupenyeza pua kwenye mianzi. Nelson akachuchumaa, akamshika lile sikio, akalia kwa sauti bila kujali wapita njia. Nilisimama nikamtazama akilia, nikaona raha. Nakuandikia kama ilivyokuwa. Alipoondoka, mbwa alikula sahani nzima. Tangu hapo anaonja kidogo tu, anarudi kulala langoni.

Nifanyeje? Nikimpa mbwa, nimempa zawadi mtu aliyemuua mama. Nisipompa, mbwa atakufa kwa njaa mbele yangu.

Tulinagwe

*

Itungi,
17 Oktoba 2024

Dada Tulinagwe,

Usimpe. Mtu aliyemfunga kwenye nguzo hapewi kamba tena, hata akilia. Lakini mwache amwone, kwa ajili ya mbwa.

Barua yako ya sumu nimeisoma nikaichoma. Usimwandikie mtu mwingine hayo.

Georgina

*

Gerezani, Mbeya,
25 Oktoba 2024

Dada,

Nimepewa tarehe, theluthi ya kifungo imesamehewa. Natoka 15 Novemba.

Habari ya kanisani humu ndani wameisikia wote, nimewasomea. Walipiga makofi. Lakini mimi sijashiba. Yeye amelia, mama bado yuko chini. Amesema kosa lake, nami nimelala kwenye sakafu hii miezi kumi na sita.

Usije kunipokea. Nitashukia Katumba Songwe kwanza. Kuna kazi imebaki, nitaimaliza mwenyewe, kisha nije nyumbani kula.

Ambwene

*

Njisi,
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Ambwene,

Ndaga fijo, asante sana, kwa habari ya kutoka. Na sasa nisikilize mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni wakati mama akipandikiza mpunga.

Usishukie Katumba Songwe. Nitakuwa stendi ya Kyela tangu asubuhi, na usiposhuka hapo nitajua umenidharau.

Unadhani kazi imebaki kwa sababu hujaiona inavyofanyika. Nakuandikia uione. Nelson anakuja hapa kila siku saa kumi. Anatembea toka shambani kwake mpaka uzio wangu, na watu wa njiani hawamwitikii salamu. Anachuchumaa nje. Mbwa anakwenda kwake, analamba mkono wake kati ya mianzi. Namruhusu robo saa. Mimi nakaa kwenye kigoda mlangoni, nina saa ya mama mkononi. Ikifika robo namwita mbwa, na mbwa anarudi kwangu.

Wiki ya kwanza hakurudi, ikabidi nimvute. Ya pili alirudi akigeuka nyuma kila hatua. Sasa nasema "Mzee, njoo" mara moja tu, anakuja, anakaa penye miguu yangu. Nelson anabaki amechuchumaa, mkono bado uko ndani ya uzio, anatazama jinsi anavyoachwa. Kisha anasimama, anasema, "Nitakuja kesho, dada." Nami nakiingiza kigoda ndani.

Kila siku ananiomba msamaha, na kila siku namnyima. Kesi ikimtia ndani, aende. Isipomtia, atakuja tena kesho saa kumi. Ukiifanya hiyo kazi utakuwa umemtoa kwangu, nawe utarudi huko uliko usitoke tena, na mimi nitabaki na kaburi la mama na barua zako. Hilo sitakusamehe, Ambwene, na umeona ninavyojua kutosamehe.

Chumba chako nimekipiga lipu. Mpunga wa mama umevunwa vizuri.

Leo Nelson amechelewa. Saa kumi imepita, kumi na nusu ikapita, njia iko tupu. Mbwa alikwenda akasimama kwenye uzio peke yake. Nikaacha kuandika, nikaenda nikasimama naye, na hapohapo namalizia barua hii, yeye na mimi, tunamngoja.

Dada yako,
Tulinagwe